Karatasi Nyekundu Tumboni mwa Gita

Juzi mjukuu wangu anayekaa Kiembeni alikuja kunitembelea na gita jipya mgongoni, kalitia kwenye mfuko wa zipu utafikiri kabeba mtoto mchanga anampeleka kliniki. Hata shikamoo yake sikuingoja iishe. Nikamwambia, lete hapa. Nikaliegemeza magotini, nikafumba jicho moja, nikachungulia tunduni. Akacheka. "Bibi, umepoteza nini humo?" Nikamjibu, natafuta rangi. Ndani mlikuwa na karatasi ya rangi ya maziwa yenye maandishi meusi, basi. Nikamrudishia gita lake, nikaenda jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Nawe ukiniuliza mtu mzima wa umri wangu anatafuta rangi gani kwenye tumbo la gita, keti nikwambie, maana wenzangu waliokuwa wakijua wamekwisha wote. Ila usitarajie kucheka. Yapo ya kucheka machache huku mwanzo, kisha yanakatika.

Nazungumzia Changamwe ya miaka ya arobaini, wakati wa vita, si hii ya malori na moshi. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na makuti, kwenye mteremko wa kushuka relini, na treni za askari zilipopita masufuria yote jikoni yalitetemeka. Mchele uliadimika mpaka tukausahau ladha. Tulikula sima ya unga wa njano ulioletwa na meli, unga unanuka gunia, na mboga ya mchunga iliyotufanya tukunje nyuso kwa uchungu wake. Mama alikuwa akikaanga bajia za kunde za kuuza. Kazi yangu ilikuwa kuziroweka kunde, kuziambua maganda kwa viganja, kisha kuzisaga juu ya jiwe mpaka mabega yawake moto. Hata leo nikipita mahali wanapokaanga bajia, mikono yangu yaanza kuuma yenyewe.

Baba alikuwa kuli bandarini Kilindini. Mtu mrefu, mwenye maneno, apendaye watu kupita kiasi. Kabla hajaenda vitani alinunua gita kwa baharia mmoja aliyekuwa akiondoka, na hilo gita ndilo lililomfanya ajulikane. Lakini hakulileta nyumbani kwanza. Alilipeleka moja kwa moja kwa fundi, kwa sababu pale kwetu hapakuwa na mtu aliyemiliki gita pasi na fundi kulichungulia.

Fundi huyu alikuwa jirani yetu, Mwislamu wa Likoni aliyehamia Changamwe, seremala wa vitanda na milango. Magita alikuwa akiyatengeneza kwa mapenzi tu. Ukimpelekea gita ukaanza kulisifia, lang'ara hivi, lina nakshi hivi, alikukata kauli: "Hayo niachie. Nione karatasi." Siku zile magita mengi ya mabaharia yalitoka kiwanda kimoja cha ng'ambo, na kiwanda hicho kilibandika karatasi ndani, mkabala wa tundu. Ukiyapanga ukutani huyatofautishi, vanishi ile ile, vifungio vile vile. Rangi ya karatasi ndiyo iliyosema kweli. Ya njano ilimaanisha gita la mwanafunzi, ubao wa kisanduku cha majani ya chai. Ya kijani ilimaanisha uso wake ni wa mbao nyembamba zilizogundishwa tabaka juu ya tabaka. Sauti yake butu kidogo, lakini halipasuki kwa joto wala kwa chumvi ya huku kwetu. Na nyekundu, ah! Nyekundu ilikuwa ubao mmoja mzima usoni, uliokaushwa polepole, ambao ukiugonga kwa kifundo cha kidole huitika kwa muda mrefu, na kila ukizeeka ndio unazidi kuimba.

Alijua na mengine. Pembe za karatasi zikiwa zimeliwa na mende, gita hilo limelala uvunguni. Kingo zikiwa zimeinuka, mjanja ameibandua kwenye gita zuri akaibandika kwenye bovu. La baba lilikuwa jekundu, na karatasi yake haijaguswa. Fundi aliligonga akasikiliza, akaligonga tena, akamwambia baba, "Umepata. Ila usilinyeshee mvua. Wino mwekundu hauna uvumilivu wa maji, na ubao huu wataka kutunzwa kama mgonjwa."

Basi hapo ndipo tabu ilipoanza. Baba alikuwa mwenye majivuno, Mungu amrehemu. Kila mgeni aliyefika aliwashiwa kibiriti achungulie. "Njoo uone nyekundu!" Hata padri alichungulia. Kulikuwa na mpigaji mwingine upande wa reli mwenye la kijani, nao wakitaniana mpaka watu wanashika mbavu. Mwenye kijani akisema, "Langu halijui mafua," baba anamjibu, "Lako halijui kuimba." Hata Rabai, kwa wazee wake, ambako tulikuwa tukienda sikukuu, walijua kwamba mtoto wao wa Changamwe ana gita lenye karatasi nyekundu. Walio wengi hawakuwahi kulitazama vizuri. Walilijua kwa rangi hiyo tu.

Akaandikishwa jeshini. Siku ya kuondoka mama alimwambia aliache gita. Baba akasema askari bila muziki atakufa kwa uchovu kabla ya risasi. Nakumbuka mama alimtazama kwa hasira ya kweli, si ya mchezo, akasema, "Haya, nenda na mkeo." Ndilo neno la mwisho nililosikia wakiambizana.

Walipelekwa Burma. Mwanzo zilikuja salamu kwa vinywa vya watu, kisha hata salamu zikakatika. Vita vikaisha. Askari wakarudi, wengine wazima, wengine wanazungumza na kuta, na kila waliposhushwa bandarini mama alikwenda kusimama Makupa na kapu lake la bajia, eti anauza. Alikuwa akitazama nyuso. Ofisini walimwambia mumewe hajulikani alipo. Si hai, si maiti. Alikwenda tena na tena, akajibiwa vilevile, mpaka karani akawa anatikisa kichwa akimwona mlangoni.

Hapa lazima nikueleze mila zetu, ama sivyo hutaelewa kwa nini mambo yalikuwa mazito. Sisi ni watu wa bara ya Mombasa, Wakristo wa kanisani Jumapili, lakini mambo ya kifo tuliyafuata kama wazee walivyoyaacha. Mwanamume akifa, hupigwa matanga, hanga tunaita sisi. Mjane hunyolewa, hulalia mkeka chini, na baada ya siku zake hurithiwa na ndugu wa marehemu. Yeye, watoto, nyumba, kuku, vyote. Na ikiwa mtu amefia mbali mwili usipatikane, hapigiwi hanga hivi hivi. Hutafutwa kitu chake mwenyewe, alichokishika kwa mikono yake, kikachimbiwa kaburi kikazikwa badala yake. Lakini kiwe chake kweli. Ukizika kitu cha mtu mwingine, umemkaribisha koma wa mgeni, mzimu usiokujua, aje akae bomani kwako akidai chakula, na wa kwanza kulipa ni watoto wadogo. Wazee walikuwa wakiliogopa jambo hilo kuliko ndui.

Na ndugu wa marehemu, kwetu, alikuwa mmoja: baba mdogo. Simpambi kwa kuwa amekufa. Alikuwa na wake wawili Rabai, na wote wawili niliwahi kuwaona wamefungwa vitambaa usoni, wakisema wameanguka kisimani. Alipokuja kututembelea alikuwa akiikagua nyumba kama mtu anayenunua ng'ombe, anagonga nguzo, anatazama makuti. Siku moja alinishika kidevu akanigeuza uso huku na huku. Nilikuwa bado mtoto, kifua sina. Akamwambia mama, "Huyu ameshakua. Kuna mgema mmoja amefiwa na mkewe, mtu mzima mwenye heshima." Mama aliniita ndani kwa sauti iliyonifanya nikimbie. Basi ikawa inajulikana pasipo kusemwa: baba akiwa hai, hata kama hayupo, sisi ni watu wa Changamwe, mimi nasoma, mama anakaanga bajia zake. Baba akiwa amekufa, mama ni wa baba mdogo na mimi ni wa mgema.

Sasa fikiria asubuhi ile. Mama yuko karaini, mimi niko jiweni nasaga. Nikasikia hodi. Wakaingia uani watu watatu: hawe, yaani nyanya yangu mzaa baba, anaegemea fimbo, baba mdogo, ameshavua kofia, na askari mgeni, koti la jeshi limemlegea, kabeba gita.

Gita lilikuwa jeusi. Limepakwa rangi ya viatu usoni na mgongoni, ubavu mmoja umeshonwa kwa waya, nyuzi zimebaki chache. Askari akasema alikabidhiwa melini na mgonjwa mmoja. Mgonjwa huyo alimwambia mwenye gita alikuwa mtu wa Rabai, aliyefanya kazi Kilindini, amekufa kwa homa msituni wakati wa mvua. Akamwomba alifikishe kwao. Kisha mgonjwa mwenyewe akafa kabla ya nchi kavu, akatupwa baharini. "Mimi nimeambiwa tu, mama," askari akasema. "Marehemu sikumjua. Nimeuliza Rabai nikapelekwa kwa wazee hawa."

Baba mdogo akadakia, "Kaburi nimeshaamrisha lichimbwe. Shemeji, twende nyumbani ukae chini."

Mama alifuta mikono kwa leso, akalipokea gita. Nilikuwa karibu yake, nilimwona. Alipitisha kiganja nyuma ya shingo ya gita, taratibu, kutoka juu hadi chini, akarudia, na pahali fulani kiganja kikasimama. Midomo yake ikawa ya kijivu. Alivuta pumzi ndefu, na mimi nikajua sasa atapiga ukelele, nikaanza kulia kabla yake. Kisha akainua macho. Akamwona baba mdogo amesimama na kofia mkononi, haangalii gita, haangalii uso wa mama. Anaiangalia nyumba.

Ile pumzi mama akaimeza. Wallahi nilimwona akiimeza, na mimi si mtu wa kuapa ovyo. Akaligeuza gita, akachungulia tunduni, akakaa hapo muda mrefu.

"Hili si lake," akasema.

"Shemeji, usitufanyie vituko."

"La mume wangu lina karatasi nyekundu. Nani hapa hajui? Hili karatasi yake nyeupe."

Baba mdogo akamnyang'anya, akachungulia, akalipeleka juani akachungulia tena. Nyeupe. Akasema mambo ya vita ni mengi, huenda imebadilika, huenda imebanduliwa, mtu aliyekufa amekufa. Akasema kwa ukali, akimsogelea. Mama hakurudi nyuma. Alimgeukia hawe, akapiga magoti mbele yake kama mkwe apasavyo.

"Mama, wewe ndiwe mwenye boma. Ukiniambia nizike kitu cha mwana wa watu pale nyumbani kwako, nitazika. Mimi sina kauli. Lakini wajukuu zako wako pale."

Hawe alikuwa amezika watoto sita. Akasema hapana, hakizikwi kitu mpaka ijulikane. Aitwe fundi, kwa kuwa ndiye aliyelijua gita la mwanawe tangu siku ya kwanza, na yeye ni mtu wa dini, hataapa uongo.

Nikatumwa mimi. Fundi akaja na kipande chake cha kioo kilichofungwa kwenye kijiti, kile alichokuwa akiingiza matumboni mwa magita. Akasalimu watu wote kwa utaratibu, akaketi kwenye kibao, akalipakata. Akaligonga kwa kifundo cha kidole. Likaitika, hoi kama lilivyokuwa, waya ubavuni na rangi ya viatu, likaitika kwa muda mrefu. Fundi akafumba macho. Akaingiza kioo. Nilikuwa nimesimama begani kwake, na alipokigeuza nami niliona.

Karatasi ilikuwa nyeupe, kweli. Haina rangi, imekunjamana. Lakini ubao ulioizunguka, pande zote, ulikuwa wa waridi, madoa yametambaa mpaka kwenye mbavu za ndani, kama shuka nyeupe iliyofuliwa pamoja na leso nyekundu. Rangi haikwenda mbali. Ilikuwa imeshuka tu, imeingia mbaoni. Mvua za huko zilikuwa zimemnyeshea baba na gita lake pamoja.

Fundi akaniangalia. Akajua nimeona. Akamwangalia mama, ambaye alikuwa amesimama wima na kijiko cha kugeuzia bajia, na nyuma yake mafuta yanaungua. Sijui walizungumza nini kwa macho. Fundi akakitoa kioo, akakitia mfukoni.

"Haya, sema," baba mdogo akamwambia. "Na uape."

Fundi akasema polepole, kila neno analipima. "Wallahi, gita la mtu huyu mimi nililishika, na karatasi niliyoiona ilikuwa nyekundu. Wallahi, karatasi ninayoiona leo ni nyeupe."

"Kwa hivyo si lake?"

"Nimekwisha apa, bwana. Mbona wataka niape mara ya tatu?"

Hawe akaangusha fimbo, akajifunika uso kwa kaniki yake, akaanza kulia kwa furaha. Kwa furaha, ewe mwenzangu! Mwanawe yuko hai. Alimkumbatia mama, akamwita mwanamke mwenye akili, akasema jioni hiyo hiyo ataamrisha kaburi lifukiwe. Mama alimshika yule mzee akimpapasa mgongo, na uso wake, nilioutazama mimi peke yangu kwa juu ya bega la hawe, sitaki kukueleza ulivyokuwa.

Na kwa kuwa gita halikuwa la mume wake, hakuweza kulibakiza. Angelibakiza kwa hoja gani? Askari aliliacha kwa fundi mpaka watu wake wapatikane. Mama akarudi karaini. Bajia zilikuwa makaa. Akazitoa moja moja, akazimwaga, akaanza kukaanga nyingine, na mimi akaniambia nisage.

Watu husema uongo ni mwepesi. Mimi niliuona uzito wake miaka na miaka. Mjane hulia, watu humbembeleza, humletea maji ya kuoga, kisha humalizika. Mama hakupata hata siku moja ya namna hiyo. Ilimbidi avae leso za maua, ajipake mafuta nywele, acheke sokoni. Wanawake wa kanisani walisema ana moyo wa jiwe, mume kapotea naye anasuka nywele. Baadaye wakasema ana mwanamume. Hakuwa naye, wala asingeweza, kwa maana mke wa mtu aliye hai anaolewa vipi? Alikuwa na miaka michache kupita thelathini. Akaufunga mlango wake ukafungika.

Gita likatundikwa ukutani kwa fundi. Njia ya kwenda sokoni ilipita pale, na mama alipita kila asubuhi na kapu kichwani, shingo imenyooka. Hakugeuka. Mimi nyuma yake ndiye niliyekuwa nageuka. Mwisho fundi alimwambia, mbele yangu, "Dada, nimekaa nalo mpaka nimechoka. Nikilizuia zaidi watu watauliza. Kuna mtu wa Kisauni analitaka." Mama akasema, "Uza, fundi, si langu." Fundi akakifuta kile kioo chake kwa kanzu, akakifuta tena, akasema, "Usinipe tena kazi kama ile. Nakuomba." Akaingia ndani akafunga, saa za kazi.

Tulilisikia mara moja tu. Tulikuwa harusini Ziwa la Ng'ombe, mama amepewa kazi ya upishi. Bendi ikaanza, na mama aliyekuwa akikuna nazi akasimamisha mkono juu ya mbuzi. Akasikiliza wimbo wote. Akaendelea kukuna, na alipomaliza nikaona damu kwenye machicha, amejikuna vidole bila kusikia.

Baba mdogo alikuwa anakuja kila mwaka. "Bado wamngoja?" "Bado, shemeji." "Mpaka lini?" "Mpaka aje." Anagonga nguzo, anaondoka. Mimi nikasoma mpaka nikawa mkunga, nikaolewa na niliyemtaka. Yule mgema alipewa msichana mwingine, jirani wa hawe, umri wangu. Alikufa akijifungua. Nilimkumbuka kila nilipomzalisha msichana mdogo kama yule, kwa sababu lile kaburi lilikuwa langu.

Lakini hawe. Hapo ndipo panaponiuma. Hawe aliishi miaka mingi akimngoja mwanawe. Kila nilipokwenda Rabai nilikuta sahani ya baba imefunikwa. Akiwa mahututi alimshika mama mkono akamuuliza, "Atakuja, eti?" Mama akamjibu, "Yuaja, mama, yuko njiani." Akafa hivyo. Mama alitoka nje akatapika nyuma ya ghala. Sikumsaidia kitu, nilimshika paji la uso tu. Niliwahi kumkasirikia, nikwambie kweli. Niliwahi kufikiri, mwambie huyu mzee amlilie mwanawe, mbona waninunulia maisha yangu kwa machozi ya mwingine? Kisha nikazaa binti wangu wa kwanza, hasira ikanitoka.

Miaka ikapita. Changamwe yetu ikaliwa na maghala na barabara, mpaka siku hizi nikienda siwezi kukuonyesha ule mteremko ulikuwa wapi. Fundi alikufa, wanawe wakazitia mbao zake motoni. Mwenye gita la kijani naye akaenda. Mama akazeeka, akapungua, sauti ikabaki ile ile.

Ndipo baba mdogo akafa. Tukaenda Rabai kuzika, kama ipasavyo. Mama alikaa na wanawake mpaka udongo wa mwisho ukatupwa na watu wakaanza kutawanyika wakanawe mikono. Akaniita. "Abee, mama." Akaniambia nimletee mkeka na wembe. Nikamuuliza wa nini. Akafungua kitambaa chake kichwani, nywele nyeupe zote, akaketi chini katikati ya uwanja wa hawe.

"Ninyoe," akasema. "Nilijua siku ile ile. Nilimshika kwenye shingo ya lile gita, pale kidole gumba chake kilipokuwa kimechimba. Sasa hakuna tena wa kunirithi. Ninyoe, nataka kumlilia mume wangu."

Na akalia. Mwanamke mwenye miaka yake yote ile, alipiga ukelele uliowarudisha watu kutoka njiani. Alimwita baba kwa majina ambayo sikuyajua, ya wao wawili. Alimwomba radhi hawe. Alimgombeza baba kwa kulichukua gita. Wake za marehemu walidhani amepotewa na akili, wakataka kumwinua, nikawazuia kwa mikono yangu miwili. Vijana walikuwa wakitazamana. Kati yao hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kumwona baba akicheka.

Kijana mmoja aliyekuwa na jembe bado mkononi alinijia nilipokwenda kuchukua maji. "Shikamoo, bibi. Kumetokea msiba mwingine?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo."

"Pole sana. Ni nani?"

"Baba yangu," nikamwambia.

Akazitazama mvi zangu, hakuelewa, lakini alikuwa na adabu. "Amefariki lini, bibi?"

"Leo," nikamjibu, nikapita na maji yangu kwenda kumwosha mama uso.